Namna ya Kutunga Ubeti wa Takhmisa, Shairi la Mishororo Mitano

Katika ushairi wa Kiswahili ubeti hupewa jina kwa kufuata idadi ya mishororo yake, yaani mistari: wenye miwili huitwa tathnia, wenye mitatu tathlitha, wenye minne tarbia, na wenye mitano takhmisa. Tarbia ndiyo iliyozoeleka kuliko zote, kwa kuwa ndiyo inayofundishwa shuleni na ndiyo iliyojaa katika kurasa za mashairi za magazeti tangu enzi za Mambo Leo, lililoanza kuchapishwa Tanganyika mwaka 1923. Kwa sababu hiyo mtu anayeanza kutunga takhmisa aghalabu huwa tayari na sikio lililozoea mishororo minne, na hapo ndipo taabu yake inapoanzia, kwani hutunga tarbia iliyokamilika kisha akauongezea mkiani mshororo mmoja usiosema lolote jipya.

Mwongozo huu unasimama juu ya swali moja ambalo mtunzi anapaswa kulijibu kabla hajashika kalamu: mshororo wa tano unafanya kazi gani ambayo ile minne iliyoutangulia haikuweza kuifanya? Asiyekuwa na jibu heri auache ubeti wake uwe tarbia. Mwenye jibu atakuta kwamba umbo hili fupi linampa nafasi ya kueleza jambo kwa utulivu katika mishororo minne, na bado akabakiwa na pumzi ya kuligeuza, kulihukumu au kulifunua katika wa tano.

Nitatunga ubeti mmoja hapa hapa, hatua kwa hatua, ili msomaji aone kila neno lilivyoingia na lililotolewa limetolewa kwa nini.

Hatua ya kwanza: chagua jambo dogo linaloonekana

Ubeti wa mishororo mitano yenye mizani, yaani silabi, kumi na sita kila mmoja una mizani themanini tu. Hapo hakuna nafasi ya kuzungumzia amani ya dunia, umuhimu wa elimu au ubaya wa rushwa, ingawa hizo ndizo mada ambazo wengi huzikimbilia kwa kuwa zinasikika kuwa na uzito. Mada pana humlazimisha mtunzi aseme kwa jumla, na kusema kwa jumla humfanya aazime maneno ambayo kila mtu ameshayatumia. Ni afadhali kuchagua kitu kimoja kinachoonekana, kinachosikika au kinachonuswa, kisha maana yenyewe ikachomoza kutoka humo.

Mfano wetu utakuwa muuza kahawa wa jioni, yule wa Mombasa, Lamu au Unguja, anayepita na dele lake, yaani birika la kahawa, juu ya makaa, akivigonganisha vikombe mkononi ili wateja wasikie kwamba amefika. Kabla ya kutunga, andika kwa lugha ya kawaida yote unayoyajua kuhusu jambo lako, bila kujali vina, yaani silabi za mwisho zinazofanana, wala mizani. Kwangu orodha ilikuwa hivi: jua linazama, dele, mlio wa vikombe, wazee wamekaa barazani, kashata, habari za mji zinapita kutoka baraza moja hadi jingine, kahawa ni chungu lakini watu hawaiachi. Hilo la mwisho ndilo lililonisimamisha. Kitu kichungu kinapendwa, na sababu ya kupendwa haimo ndani ya kikombe bali imekaa pembeni ya mnywaji.

Hatua ya pili: anza na mshororo wa mwisho

Ushauri huu huwashangaza wanafunzi, lakini ndio ninaoushikilia kwa nguvu kuliko wote. Tunga mshororo wa tano kwanza. Ukiutunga mwisho, utafika pale ukiwa umeshatumia vina vizuri na mawazo mazuri, na utaujaza kwa masalio. Ukiutunga kwanza, mishororo minne ya juu itajua inaelekea wapi.

Jaribio la kwanza lilikuwa hili:

Kilicho chungu kahawa, kitamu ni ujirani.

Linaeleweka na mizani yake imetimia, lakini lina kasoro mbili nitakazozirudia hapo mbele. Kwa sasa linatosha, kwa sababu limetupatia kitu muhimu, nacho ni vina viwili vya kufanyia kazi: -wa na -ni.

Hatua ya tatu: panga vina na uviwekee akiba

Mshororo wa takhmisa ya kawaida huwa na vipande viwili: ukwapi, yaani kipande cha kwanza, na utao, yaani kipande cha pili. Silabi ya mwisho ya ukwapi ndiyo kina cha kati, na silabi ya mwisho ya utao ndiyo kina cha mwisho. Mpangilio ninaoupendekeza kwa anayeanza ni kuiacha mishororo minne ya kwanza iwe na vina vya aina moja, kisha wa tano uvipindue, yaani kina kilichokuwa cha mwisho kije katikati na kile cha kati kiende mwisho. Mpinduo huo husikika mara moja mtu anaposoma kwa sauti, nao humwambia msikilizaji kwamba jambo limegeuka. Kwa kuwa mshororo wetu wa tano una -wa katikati na -ni mwishoni, minne ya juu itakuwa na -ni katikati na -wa mwishoni.

Sasa chukua karatasi ya pembeni uandike maneno mengi kadiri uwezavyo yanayoishia na kila kina. Kwa -wa nilipata kahawa, sawa, dawa, maziwa, mbawa, ukiwa, hugawa, hupewa, huelewa, hunywewa. Kwa -ni yalikuja barazani, jioni, pwani, mkononi, mjini, jirani, amani. Orodha hii si kazi ya kupoteza muda, kwani ndiyo inayokuonyesha mapema kama kina ulichochagua ni chembamba mno. Mtu aliyechagua kina cha -dhi au -ghe atakwama kwenye mshororo wa tatu na ataanza kusingizia maneno.

Kina kamili ni silabi nzima, konsonanti pamoja na irabu yake. Kwa kipimo hicho “kahawa” na “mbwa” havifanani, kwa kuwa moja inaishia na -wa na jingine na -bwa. Vivyo hivyo -za na -nza, au -ja na -nja, ni vina tofauti. Wapo wanaovichanganya, na wapo wasomaji wanaovumilia, lakini mwanafunzi anayejiruhusu ulegevu huo mapema hujinyima zoezi litakalomjengea sikio.

Lingine la kuangalia ni urahisi wa kina chenyewe. Kina cha -ni hupatikana kwa wingi sana kwa sababu karibu kila nomino ya mahali inaweza kuongezewa -ni, ikawa nyumbani, shambani, njiani. Wingi huo ni neema na ni mtego. Beti nyingi mbovu nilizozisoma zimejengwa kwa -ni za mahali kuanzia mwanzo hadi mwisho, na sauti yake huwa bapa. Ukikitumia, hakikisha angalau neno moja, na ikiwezekana lile la mwisho kabisa, ni neno ambalo -ni ni sehemu ya mzizi wake, kama jirani au amani. Vivyo hivyo kwa -wa: vitenzi vingi vya kutendwa huishia hapo, hivyo vichanganye na nomino.

Hatua ya nne: hesabu mizani kwa vidole na kwa sikio

Mizani ni idadi ya silabi katika mshororo. Kipimo kilichozoeleka ni mizani nane katika ukwapi na nane katika utao, na mwaka 1954 Sheikh Kaluta Amri Abedi alipochapisha kitabu chake cha sheria za kutunga mashairi alikifanya kipimo cha aina hiyo kuwa rejeo la vizazi vilivyofuata. Kuhesabu kwenyewe ni rahisi mahali pengi na kugumu mahali pachache, na ni hapo pachache ndipo beti nyingi zinapoharibika.

Kila irabu hubeba mzani wake. “Kaa” ni mizani miwili, “wazee” ni mitatu. Konsonanti zilizoungana na irabu moja huhesabiwa pamoja kuwa mzani mmoja, hivyo “pwani” ni pwa-ni, na “vyalia” ni vya-li-a. Herufi m inayotamkwa peke yake mwanzoni mwa neno huwa mzani kamili: “mtu” ni m-tu, “mkononi” ni m-ko-no-ni, “mmoja” ni m-mo-ja. Vivyo hivyo “nchi” ni n-chi na “mbwa” ni m-bwa, lakini “simba” ni si-mba na “ng'ombe” ni ng'o-mbe, mizani miwili kila moja. Maneno ya mkopo yenye konsonanti zilizogandamana, kama daktari na labda, watunzi wengi huyahesabu da-k-ta-ri na la-b-da. Hata hivyo si wote wanaokubaliana, na anayeanza atajipunguzia ubishi kwa kuyaepuka.

Tahajia nayo ina athari. Mfano wetu una neno “muuza”, ambalo ni mizani mitatu, mu-u-za. Ukiliandika “mwuza” utapata miwili, na utao mzima utapungua. Chagua umbo moja, litamke kama ulivyoliandika, na usilibadilishe katikati ya shairi.

Hatua ya tano: jaza mishororo minne

Kila mshororo ubebe jambo moja na usirudie kazi ya mwenzake. Wa kwanza unafungua mahali na wakati. Wa pili unamleta karibu mhusika au kitu. Wa tatu unawaleta wengine. Wa nne unapanua kidogo, ukitayarisha kugeuka. Huu si mpango wa lazima kwa kila mada, lakini humsaidia mtu asiandike mishororo minne inayosema neno lile lile kwa maneno tofauti, kasoro ambayo katika umbo fupi kama hili hutokeza waziwazi.

Jua lizamapo pwani, huja muuza kahawa,
Dele lake mkononi, vikombe vyalia sawa,
Wazee wa barazani, kila mmoja hupewa,
Na habari za mjini, pamoja nayo hugawa.

Katika mshororo wa pili nilikuwa nimeandika “vikombe vyake ni sawa”, na mizani yake ilitosha, lakini kipande hicho hakikuwa na habari yoyote ndani yake. Badiliko la “vyalia” limeingiza mlio, ambao ndio ishara halisi ya muuza kahawa, na “sawa” sasa inaeleza jinsi vikombe vinavyolia kwa pamoja. Mshororo wa nne umekuja baadaye. Awali ulihusu kashata, lakini kashata ni tamu, na utamu wowote ukitajwa mapema unauibia mshororo wa tano. Kwa hiyo kashata imeondoka, ingawa naipenda, na mahali pake zimeingia habari za mjini, ambazo zinapita kutoka kwa mtu hadi mtu pamoja na kikombe na hivyo zinaelekeza macho kwa watu waliokaa pale.

Hapo ndipo tunaporudi kwenye mshororo wa tano na kasoro zake. Ya kwanza ni kwamba “kahawa” imeshatumika kuwa kina katika mshororo wa kwanza, na kulirudia neno lile lile kuwa kina ndani ya ubeti mmoja ni dalili ya uvivu au ya ufukara wa msamiati. Ya pili ni nzito zaidi: “ujirani” ni wazo, ilhali kila kitu kingine katika ubeti huu kinashikika au kinasikika. Dele lina uzito, vikombe vinalia, wazee wamekaa; halafu ghafla msomaji anakabidhiwa somo la uraia. Niliubadilisha ukawa hivi:

Ingawa chungu hunywewa, utamu wake jirani.

Jirani ni mtu. Ana uso, ana kikombe chake, anasikiliza habari zile zile. Mizani ni ile ile, kina ni kile kile, -ni yake ni ya mzizi na si ya mahali, na kazi ya kulielewa wazo la ujirani amebaki nayo msomaji mwenyewe.

Watunzi wa zamani waliruhusiwa njia kadhaa za kuokoa mizani na vina, na njia hizo bado ni halali. Inkisari ni kulifupisha neno, kama “mekuja” badala ya “nimekuja”. Mazida ni kulirefusha, kama “enenda” badala ya “enda”. Na upo uhuru wa kupindua mpangilio wa maneno, kama “wake jirani” na “jirani wake”. Lahaja pia husaidia: anayetafuta kina cha -to anaweza kutumia “mato” ya Kiamu na Kimvita badala ya “macho”. Ninachoomba ni kiasi na uthabiti. Ubeti mmoja wenye “mato” na “macho” kwa pamoja, bila sababu nyingine isipokuwa vina, humwonyesha mtunzi aliyezidiwa. Na ukiona umetumia inkisari mbili katika kipande kimoja, kivunje kipande chote ukitunge upya.

Hatua ya sita: ghani

Shairi la Kiswahili limetungwa kwa ajili ya koo na sikio. Ghani ubeti wako kwa sauti, polepole, kwa mahadhi yoyote unayoyajua, ukipumua baada ya kila ukwapi. Ulimi ukijikwaa, weka alama mahali hapo hata kama hesabu ya vidole inasema mizani imetimia, kwa sababu mara nyingi tatizo ni sauti mbili ngumu zilizofuatana au neno refu lililokatwa na kituo cha katikati. Kipande cha mizani nane kinapaswa kuishia pale neno linapoishia. Neno lililoanzia kwenye ukwapi likamalizikia kwenye utao ni kosa lisilo na utetezi.

Baada ya hapo mpe mtu mwingine aghani, na wewe usikilize bila karatasi. Mahali atakapopumua pasipo kituo ni mahali ambapo maana yako haikupangika vizuri.

Takhmisa ya asili: kutia mishororo mitatu juu ya miwili ya mwingine

Hadi hapa tumetunga mishororo mitano yote wenyewe, kama inavyofanyika siku hizi. Lakini takhmisa katika mapokeo ya Kiarabu na ya pwani yetu ilikuwa kazi ya watu wawili. Mtunzi wa baadaye alichukua mishororo miwili ya mtunzi aliyemtangulia, akaiacha kama ilivyo, kisha akatunga mitatu mipya iliyokaa juu yake, yenye kina kinacholingana, ili ile mitano isomeke kuwa ubeti mmoja. Mfano mashuhuri kwetu ni takhmisa ya mashairi ambayo mapokeo humnasibishia Fumo Liyongo, shujaa na mshairi wa kale wa pwani, iliyotungwa na Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir wa Pate, yuleyule aliyetunga utenzi wa Al-Inkishafi. Humo sauti za zama mbili zinakutana katika kila ubeti.

Zoezi hili ni zuri kuliko lolote nilijualo kwa mtu anayetaka kujifunza kazi ya mwisho wa ubeti, kwa sababu mwisho umeshatolewa na wajibu wako ni kuustahilisha. Tuseme mwenzako amekupa hii miwili:

Kusi likivuma mno, jahazi haliondoki,
Nahodha hufunga neno, hasemi wala hachoki.

Jiulize kwanza mishororo hii imeacha nini bila kusemwa. Imemtaja nahodha na upepo, lakini haijatuonyesha wale wanaomzunguka, ambao kwa kawaida hawana utulivu wake. Basi mitatu mipya iwajaze hao, ili kimya cha nahodha kipate kitu cha kupingana nacho:

Pwani kuna msongano, mizigo haipakiki,
Vijana wakaza meno, kungoja hakuzoeki,
Tanga limetiwa shono, lakini halitwekeki,
Kusi likivuma mno, jahazi haliondoki,
Nahodha hufunga neno, hasemi wala hachoki.

Tazama jinsi vitenzi vya kukanusha vinavyorundikana katika utao, haipakiki, hakuzoeki, halitwekeki. Katika shairi jingine ningeviona vimezidi. Hapa nimeviacha kwa makusudi, kwani kila kimoja kinaziba njia moja, na mtu anapofika kwa nahodha anamkuta amekanushiwa hata uchovu. Katika mishororo miwili ya asili “hachoki” lilikuwa neno la kawaida la kumalizia. Mitatu ya juu ndiyo iliyolipa uzito.

Usiiguse hata herufi moja ya mishororo uliyopewa. Kama mizani yake ni kumi na tano, kama ilivyo katika baadhi ya bahari, yaani aina za mashairi, za kale, tunga yako kwa kumi na tano na ufuate migawanyo yake, badala ya kuirekebisha ya mwenzako ifanane na mazoea yako. Kama mwenye mishororo ametumia lahaja, tumia lahaja hiyo ikiwa unaijua vizuri, na kama huijui tafuta mishororo mingine.

Wapo wanaoandika mishororo mitano bila vina wala mizani maalumu, hasa tangu watunzi kama Euphrase Kezilahabi walipoupa ushairi huru nafasi yake katika miaka ya 1970. Hatua ya kwanza, ya pili na ya sita katika mwongozo huu zinawahusu hao pia, na pengine ya pili inawahusu zaidi, kwa kuwa wao hawana mpinduo wa vina wa kumwashiria msikilizaji kwamba jambo limegeuka na lazima maana yenyewe iifanye kazi hiyo.

Ukikusudia kuendelea hadi beti kadhaa, amua sasa kama mshororo wa tano utakuwa kibwagizo kitakachorudi mwishoni mwa kila ubeti au utabadilika kila mara. Kibwagizo kinafaa pale ambapo mshororo wenyewe unaongezeka maana kila unaporudi; “utamu wake jirani” ungeweza kustahimili beti nne au tano, kila moja ikimleta jirani mwingine. Na kama umetunga takhmisa juu ya mishororo ya mtu, unapoipeleka gazetini au kuisoma hadharani taja kwanza jina la mwenye ile miwili, kisha lako, na katika maandishi acha nafasi ndogo au weka mlazo unaotenganisha ya kwako na ya kwake.